Mwaka Niliokataa Kusamehewa

Wiki tatu zilizopita tulimzika Mzee Kajiru, na mimi nikaharibu hotuba ya mtu msibani. Kijana mmoja wa pale kitongojini alikuwa amepewa nafasi ya kutoa salamu za rambirambi. Alizungumza vizuri, sauti yake ikifika mpaka kule nyuma walikokuwa wapishi, hadi alipofika kwangu. "Marehemu alikuwa mtu wa huruma," akasema. "Wote tunamfahamu mama yetu Nakunda, ambaye haoni. Enzi zile vipofu walikuwa wanafichwa ndani, lakini Mzee Kajiru alimwonea huruma, akamwingiza katika shughuli za jamii." Watu wakaguna kwa kukubali. Mimi nilikuwa kiti cha mbele pamoja na wajumbe wenzangu wa kamati ya maji, na kabla sijajishauri nikajikuta nimesimama. "Mwanangu, nisamehe nikukatize," nikasema. "Mzee Kajiru hakunionea huruma hata siku moja. Alinikatalia miezi mitano, na aliponikubalia alinitumikisha mpaka nikakaribia kulia. Ukimsifu, msifu kwa hilo." Nikadhani nimekosa adabu mbele ya jeneza. Kisha mjane wake akacheka, kicheko kifupi chenye machozi ndani yake, akasema, "Huyo ndiye mume wangu hasa," na uwanja mzima ukamfuata kucheka.

Tangu siku ile vijana wamekuwa wakinisimamisha njiani kuuliza ilikuwaje, na nimegundua kwamba wengi hawaamini kuwa palikuwa na wakati jina langu halikuwa kwenye daftari la kazi za kitongoji. Kwa hiyo nauandika mwaka ule, mwaka niliotimiza miaka ishirini na mmoja. Ya ukoo wetu, na jinsi surua ilivyoondoka na macho yangu nikiwa mdogo, hayana nafasi hapa. Niliyapoteza, nikapelekwa shule ya bweni ya wasioona mbali na milima hii, nikamaliza kidato cha nne, na mwezi wa kwanza wa mwaka huo nikapanda Landrova pale Same nikiwa na sanduku la bati na fimbo, nikarudi nyumbani kwa mama. Shuleni nilikuwa kiranja wa bwalo. Nilikuwa napanga zamu za kuosha masufuria, nagawa uji kwa watoto mia na zaidi, nagombana na mpishi akipunguza maharage. Nasema haya ili ujue ni mtu wa namna gani aliyeshuka kwenye lile gari.

Chumba nilichopewa kilikuwa stoo. Kulikuwa na magunia ya tangawizi ukutani upande wa kulia, kitanda upande wa kushoto, na katikati njia ya kupita mtu mmoja. Harufu ya tangawizi mbichi iliingia kwenye shuka, kwenye nywele, hata kwenye kurasa zangu za nukta nundu, na mpaka leo nikifungua daftari la miaka ile naipata, au najidanganya kuwa naipata. Mama alikuwa amenipenda kwa njia aliyoijua. Aliondoa kisu jikoni akakitundika juu nisikokufikia. Alizungushia kisima kidogo cha uani miiba. Aliniwekea kigoda kati ya mlango na mafiga, mahali penye joto, na kila asubuhi baada ya chai akanishika mkono kunipeleka pale kama ambavyo ungemweka mtoto anayeanza kukaa. Nikisimama, anauliza, "Unataka nini, mwanangu?" Nikisema sitaki kitu, nasimama tu, anasema, "Basi kaa."

Kigodani pale ndipo nilipozisikia habari zangu. Jirani yetu Mama Heri alikuwa na mazoea ya kuingia kila jioni kuomba moto au chumvi na kukaa saa nzima. Jioni moja mama alikuwa anapakua makande, nimekwisha kupewa bakuli langu, na Mama Heri akaketi hatua mbili kutoka nilipo. "Anakula mwenyewe?" akauliza. "Anakula," mama akajibu. "Hamwagi?" "Hamwagi." "Na chooni?" "Anakwenda, anafuata ukuta." "Maskini. Na kasoma mpaka kidato cha nne." "Kasoma." "Haya, Mungu ana makusudi yake." Nikameza maharage yaliyokuwa kinywani, nikasema, "Shikamoo, Mama Heri." Akaruka kidogo pale alipokaa. "Marahaba! Kumbe masikio yake mazima kabisa!" akamwambia mama. Nilipomsimulia kisa hiki miaka mingi baadaye, kabla hajafariki, alikana katakata, kisha akanipiga begani akasema, "Lakini ulikuwa unakula vizuri kweli, nilikuwa nakuangalia." Simlaumu. Hakuwa na ubaya. Alikuwa hajawahi kuona mtu kama mimi akiulizwa jambo akalijibu.

Huku kwetu milimani kazi ya pamoja inaitwa msaragambo. Pembe ikilia alfajiri mara mbili, kila mtu mzima alishika jembe akaenda, iwe ni barabara, darasa au mfereji. Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ndiva, yaani lile bwawa la udongo na mawe wanamokusanyia maji ya kijito usiku kucha, kisha asubuhi linafunguliwa na maji kushuka kwa mifereji mpaka mashambani kwa zamu. Mwenye zamu ya asubuhi anapata maji yenye nguvu. Mwenye zamu ya jioni anapata mabaki. Siku za msaragambo nilikuwa nasikia miguu ikipita nyuma ya nyumba, majembe yakigongana, watu wakitaniana, halafu kimya kinashuka. Kitongoji kizima kinabaki na wagonjwa, watoto wachanga na mimi. Mama alikwenda kila mara, nyonga yake ikimuuma, akarudi jioni amelowa tope, akakaa chini kwa kuguna. Na mimi niliyekuwa na mikono miwili yenye nguvu za kuinua sufuria za bwalo, nilikuwa nimekaa kigodani napashwa joto.

Mwezi wa nne mama aliporudi kutoka msaragambo alikaa muda mrefu bila kuvua viatu. Nilimsikia anapumua. Nikamwuliza kulikoni. Akasema zamu zimepangwa upya, na yetu imetolewa Jumanne asubuhi ikapelekwa Jumamosi jioni. Tulikuwa na matuta ya tangawizi ambayo mvua zikikatika yasingefika popote bila maji ya ndiva. "Ulisema nini?" nikauliza. "Ningesema nini?" "Ungesema hapana." Mama alikuwa mtu wa kulalamikia jikoni, mbele ya watu alikuwa anainama. "Basi nitakwenda kusema mimi," nikamwambia. Alicheka, akidhani ni maneno ya kumfariji.

Pembe ilipolia tena, nilimfuata. Nilishika nyuma ya khanga yake kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, naye njia nzima alikuwa anaomba nirudi. Kazi ilipokwisha, watu wakakusanyika ukingoni mwa ndiva kwa mkutano, nami nikasimama. "Naomba kusema." Minong'ono ikazima. Sauti kavu ya mtu mzima ikatoka upande wa mawe. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia Mzee Kajiru. Alikuwa katibu wa msaragambo, mtu wa miaka arobaini na kitu, aliyeweka daftari la majina ndani ya mfuko wa plastiki na kulibeba kwapani hata kanisani. "Binti, mkutano huu ni wa walioandikwa," akasema. "Anayefanya kazi ndiye anayesema. Wewe humo humu daftarini."

"Basi niandikeni."

Watu wakacheka, lakini kwa upole, na ule upole uliniuma zaidi. Mtu mmoja akasema, "Jamani, mwacheni mtoto wa watu akae." Mzee Kajiru hakucheka. Alisubiri wamalize. "Wewe umesamehewa kazi," akasema. "Wazee sana, wagonjwa na vipofu wamesamehewa. Hakuna anayekudai."

"Nimekosa nini mpaka nisamehewe?" nikauliza. "Anayesamehewa ni mkosaji. Mimi sijakosa, mzee. Nataka kudaiwa kama wengine."

Hapo hawakucheka. Nilisikia mtu akisugua udongo kwenye jembe kwa kidole cha mguu. Mzee Kajiru akasema mfereji una mahali pa korongo, na kwamba nikianguka yeye ndiye atakayesimama mbele ya kaburi langu kujieleza. Akasema daftari halina mlango wa maneno matamu. Kila aliyeandikwa anapimiwa sehemu yake kwa ufito, hatua nne, na haijawahi kukatwa kwa mtu yeyote. Akafunga daftari. Nilisikia ule mfuko wa plastiki ukikunjwa.

Tulipofika jikoni ndipo mama alipopasuka. "Umenivua nguo mbele ya watu, Nakunda. Mbele ya watu wote!" Nikamwambia Jumamosi jioni hakuna maji. Akasema afadhali tangawizi ife. Kisha akaketi, sauti ikabadilika. "Unadhani nakuweka hapa kwa sababu nakuonea haya? Nakuweka kwa sababu nimezika wengine. Wakikuandika ukateleza kwenye lile korongo, hao wanaocheka watakuja na khanga na sukari kilo mbili, watalia siku tatu, wataondoka. Mimi nitabaki na kigoda." Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa kijana, na kijana anadhani hofu ya mzazi ni ukuta tu wa kuruka. Sasa ambapo nina wajukuu wa dada zangu wanaopanda pikipiki kwenye kona hizi, namwelewa mama vizuri kupita kiasi. Lakini usiku ule ule niliamua nitarudi, na nilimwambia kabla ya kulala ili nisije nikamzunguka.

Mwezi wa sita tulishuka Same kuuza tangawizi. Nilikuwa nimemwomba mama anipeleke wilayani, na alikubali akiamini huko nitapewa jibu la kunituliza. Same ilikuwa upepo wenye vumbi na mabasi ya Dar na Moshi yakipiga honi barabarani. Tuliingia mgahawa mmoja karibu na stendi kwanza. Mhudumu akaja, akamwuliza mama, "Mama utakula nini?" Mama akaagiza. "Na huyu?" Mama akafungua kinywa, mazoea tu, nami nikawahi: "Huyu atakula chapati mbili na maharage, na chai isiyo na sukari nyingi." Mhudumu akababaika. "Samahani dada," akasema, na ikawa mara ya kwanza siku hiyo mtu kunielekezea maneno. Mama alikula nusu ya chakula chake kisha nikamsikia anacheka kidogo peke yake, puani. "Huyu," akasema, "ana maneno."

Ofisini tulikaa kwenye benchi mpaka adhuhuri. Ofisa aliyetupokea alikuwa na sauti ya mvuta sigara na tabia ya kugonga meza kwa kalamu. Alimwuliza mama anachohitaji binti. Alikuwa na blanketi, akasema, na kama ni fimbo mpya angeweza kuandika barua. Nikamwambia sihitaji blanketi. Nikamweleza shauri langu lote, na kalamu ikaacha kugonga katikati. "Hebu rudia," akasema. Nikarudia. "Dada yangu, kwenye kiti hiki nimekaa miaka. Watu wanakuja na vyeti vya daktari wakiomba waondolewe kwenye kazi za kijiji. Wengine migongo, wengine presha, wengine uongo mtupu. Hajaja mtu kuomba aandikwe." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akawa makini. Aliniambia hapana sheria yoyote inayomkataza asiyeona kufanya kazi ya jamii wala kusema kwenye mkutano wa watu wake, na kwamba hilo daftari ni la kitongoji, tukalimalize huko huko. Nikamwomba aniandikie maneno hayo. Akaandika mistari mitatu. Niliikunja ile karatasi nikaiweka kifuani, na kwenye Landrova ya kupanda, tumebanana na magunia, mama akaniuliza polepole, "Kumbe ni kweli hakuna sheria?" Alikuwa ameamini siku zote kwamba ipo mahali, imeandikwa.

Karatasi haikumtikisa Mzee Kajiru. Aliisoma kwa sauti mlangoni kwake, akanirudishia. "Sheria hainikatazi kukuandika," akasema. "Sawa. Na mimi kipimo changu hakinikatazi kukupimia. Mwezi wa tisa tunatoa tope kwenye ndiva. Uje na jembe lako. Ukimaliza sehemu yako nitakuandika. Usipomaliza, usinirudie na karatasi nyingine."

Nilikuwa na miezi miwili na zaidi. Aliyenisaidia alikuwa Mama Heri, nami sikumwomba. Alinikuta asubuhi moja nimesimama ndani ya mfereji unaopita chini ya shamba letu, maji yakinifika muundini, napigapiga jembe ovyo. "Wewe," akasema kutoka juu, "unachimba maji au unachimba tope?" Akavua ndala akaingia. Alikuwa mwalimu asiyejua kuwa ni mwalimu. Alinionyesha kuweka mguu wa kushoto ukutani mwa mfereji na kuusogeza kabla ya kila pigo, ili mguu ndio upime. Mwenyewe nikajifunza kusikiliza: jembe likiingia kwenye tope halina sauti, likifika kwenye udongo mgumu wa chini linakwaruza, na hapo ndipo mwisho wa kazi. Nilianguka mara nyingi. Mara moja nilijikata muundi kwenye jiwe, na kovu lake ninalo, nalishika sasa hivi ninapoandika. Mama Heri alinifunga kitambaa cha kichwani kwake huku akinitukana kwa upole. Jioni alikuja jikoni kama kawaida yake. Hakumwuliza mama chochote kuhusu mimi. Aliniuliza mimi, "Mguu vipi?"

Siku ya kutoa tope, ndiva ilikuwa imefunguliwa tangu juzi yake, na harufu yake ilitupokea kabla hatujafika, harufu ya majani yaliyooza. Mzee Kajiru alipita akipima kwa ufito, nikasikia akihesabu: moja, mbili, tatu, nne, kigingi. Alipofika kwangu alihesabu kwa sauti ile ile. Moja, mbili, tatu, nne. Akanipa ncha ya ufito nishike, nikazihakikisha hatua zangu mwenyewe kwa mkono. Kushoto kwangu alikuwa Mama Heri, kulia kijana aitwaye Elisante. Tukaanza. Tope lilikuwa zito kama unga wa ugali uliokaribia kuiva, linashika jembe na kulivuta, na kila karai ilibidi lipandishwe ukingoni. Baada ya muda nilihisi upande wa kulia kazi inapungua haraka kuliko ninavyochimba. Kabla sijasema, sauti kavu ikasema kwa ajili yangu: "Elisante, hiyo si sehemu yako." "Namsaidia kidogo tu, mzee." "Nani kakuomba?" Elisante akarudi kwenye hatua zake.

Watu walimaliza mmoja mmoja. Nilisikia wakipanda, wakinawa kwenye kijito, wakiketi kivulini kula viazi na makande yaliyoletwa kwenye ndoo. Nikabaki peke yangu ndani ya ndiva, na mazungumzo juu yangu yakapungua mpaka nikawa najisikia mimi tu ninavyohema. Mama alikuwa juu pale na hakushuka kunitoa, na nilijua ni gharama gani kwake. Nilipoisikia chini ikikwaruza kutoka kigingi mpaka kigingi, nikasema, "Tayari." Mzee Kajiru akashuka. Alikagua kwa ufito, kisha akainama akapitisha mkono. "Hapa bado," akasema. Palikuwa pembeni, chini ya jiwe, sehemu ya upana wa sinia. Watu juu wakapiga kelele. "Mwache basi, Kajiru!" "Una roho gani wewe?" "Kipofu huyo!" Yeye alinishika kiganja akakiweka juu ya lile tope. "Hapa," akarudia, kwa sauti ndogo ya kuniambia mimi peke yangu. "Wakisema baadaye kwamba ulipewa, nataka niwe na la kuwajibu." Nikashika jembe.

Nilipopanda ukingoni hakuna aliyepiga makofi, na hilo lilinifurahisha. Nilisikia mfuko wa plastiki ukikunjuliwa, kalamu ikitafutwa, mtu akilaumiwa kwa kuketi juu yake. Kisha akaandika huku akitamka kila herufi ya jina langu. "Arobaini na saba," akasema. "Nakunda. Ameandikwa. Nani mwenye neno kabla ya kufunga?" Nikasema, "Namba arobaini na saba ana neno." Nikasimama na matope yangu, nikaeleza zamu ya Jumamosi jioni, kwamba nyumba yenye wafanyakazi wawili kwenye msaragambo inapewa mabaki wakati nyumba yenye mmoja ina asubuhi mbili. Niliwataja. Mmoja alikuwa amekaa karibu nami na akaanza kufoka. Mzee Kajiru akamwambia angoje, zamu yake ya kusema itafika. Walibishana mpaka jua likashuka upande ule wa mlima, ninajua kwa sababu mgongo ulianza kupata baridi. Ikapigwa kura ya mikono. Nikanyoosha wangu. Tulipata Jumatano asubuhi. Haikuwa Jumanne yetu, lakini ilikuwa asubuhi.

Nimepiga kura nyingi tangu ile. Nimechaguliwa kwenye kamati ya maji mara nne na kushindwa mara moja, na ile niliyoshindwa nilishindwa kwa haki kwa sababu nilikuwa nimegombana na nusu ya kitongoji. Miaka ya mwanzo, kwenye uchaguzi mkubwa, karani mmoja alimwuliza aliyenisindikiza, "Bibi anamtaka nani?" nikamjibu kwamba bibi anamtaka karani mwingine. Uchaguzi niliopigia kura hivi karibuni walinipa kile kifaa chenye nukta nundu, nikaingiza karatasi ndani yake, nikasoma kwa kidole, nikaweka alama peke yangu. Nilikaa mle ndani muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Nyuma yangu foleni ikaguna, nikawaacha wagune. Yapo yaliyobaki. Juzi tu kwenye mkutano wa kijiji mtoto wa mtu aliandika kwa chaki ajenda ubaoni na kusema, "Kama mnavyoona." Nikamwambia sioni, asome. Akasoma. Siku hizi inachukua dakika moja kurekebisha jambo ambalo kipindi kile lilichukua miezi mitano, na nadhani hiyo ndiyo hatua.

Lakini lipo jambo la mwaka ule ambalo sikulisema msibani, kwa kuwa linanihusu vibaya. Mwezi wa kumi na moja mvua za vuli zilianza, nami nilikuwa nimekwisha kwenda msaragambo mara tano. Asubuhi moja pembe ililia nikiwa kitandani. Bati lilikuwa linapigwa na mvua, blanketi lina joto, mwili mzima unauma. Mama alikuwa kwa shangazi. Nikajisemea moyoni, na ninayaandika maneno yenyewe: nani atakuja kumkamata kipofu? Nikajifunika mpaka kichwani. Miguu ikapita nyuma ya nyumba, nikaisikia, nikalala.

Walikuja siku ya pili asubuhi, watu watatu. Mama alikuwa amerudi. Adhabu ya asiyetokea bila taarifa ilikuwa inajulikana na wote: huchukuliwa kuku au chombo, na unakikomboa kwa siku mbili za kazi. Niliwasikia wawili wakijikohoza uani, hawajui waanzie wapi. "Shikamoo mama," mmoja akasema, "tulikuwa tunapita tu..." Mzee Kajiru akamkata. "Hatupiti. Tumekuja. Namba arobaini na saba hakutokea jana."

"Kajiru!" mama akapaza sauti. "Mtamkamata kipofu?"

"Sijaandika kipofu mahali popote, mama. Nimeandika Nakunda. Yuko wapi?"

Nilitoka. Nilikuwa na mambo mengi ya kusema tangu shuleni, kiranja mimi, msemaji mimi, na yote yalinikauka. Uso ulinichoma kwa aibu, na chini ya ile aibu palikuwa na kitu kingine kinapanda, sikukijua jina kwa wakati ule. "Shikamoo, mzee," nikasema. "Marahaba. Ulikuwa mgonjwa?" Ningeweza kusema ndiyo. "Hapana," nikajibu. "Nililala." Mmoja wa wale wawili akashindwa kujizuia, akacheka. Nikaenda bandani, nikamtafuta jogoo wa mama kwa sauti yake, nikamshika miguu, nikamletea Mzee Kajiru mwenyewe mkononi. Akampokea. "Alhamisi na Ijumaa," akasema. "Mfereji wa juu, pale ulipobomoka. Mapema." Wakaondoka na jogoo wetu akilalamika njia nzima.

Alhamisi na Ijumaa nilifanya kazi peke yangu, mama akiniletea chakula mchana na kurudi bila kunipa pole, kwani alikuwa amenuna kuhusu jogoo. Ijumaa alasiri mvua ilikatika. Nilikuwa nimeinama ndani ya mfereji natoa mawe, nimevaa khanga kuukuu kichwani, wakati wanawake wawili walipopita kwenye njia ya juu. Mmoja alikuwa wa kwetu, nilimjua kwa sauti. Mwingine alikuwa mgeni kutoka Bendera, kule tambarare, aliyekuja kuona ndugu. Walisimama kupumzisha mizigo, na yule mgeni akauliza, "Yule msichana anayefanya kazi peke yake ni nani?"

Nikaacha jembe nisikilize. Maisha yangu yote nilikuwa najua jibu la swali hilo kabla halijatolewa.

"Ah," akasema yule wa kwetu akijitwika mzigo, "mtoro wa msaragambo tu huyo. Twende."

Nikasimama wima ndani ya maji, matope mpaka magotini, na nikacheka mpaka wakageuka.